Gari la Haibridi: Ni Akiba au ni Fahari?

Kila ifikapo tarehe 14 ya mwezi, Wakenya wengi hutega masikio jioni wakingoja tangazo. Si tangazo la kura wala la mpira. Ni lile la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, linaloeleza petroli, dizeli na mafuta ya taa vitauzwa kwa bei gani mwezi mzima unaofuata. Bei ikitangazwa kupanda, kesho yake hakuna asiyeguswa. Mwenye gari huguna, abiria wa matatu huongezewa nauli, na mama muuza mboga naye hupandisha bei ya sukuma wiki kwa kuwa lori lililoileta halikuendeshwa kwa maji.

Wananchi hawajasahau mwezi wa Oktoba mwaka wa 2023, wakati lita moja ya petroli ilipouzwa kwa shilingi 217.36 jijini Nairobi, bei ambayo haikuwa imewahi kuonekana humu nchini. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2024, lita hiyo hiyo ilikuwa shilingi 180.66. Bei ilishuka, lakini hofu haikushuka nayo. Mtu aliyewahi kuumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Ni katika hofu hiyo neno moja geni lilipozoeleka vinywani mwa watu. Neno lenyewe ni haibridi. Utalisikia katika yadi za magari barabarani Ngong, utalisikia kwa madalali wa Mombasa karibu na bandari ya Kilindini, na utalisikia hata katika mikutano ya vyama vya ushirika watu wanapojadili mikopo. "Nunua haibridi," muuzaji atakuambia, "na petroli utaisahau." Maneno hayo ni matamu. Lakini je, ni ya kweli? Mwananchi mwenye mshahara wa kawaida akiongeza pesa juu ya bei ya gari la kawaida ili apate haibridi, pesa hizo zitamrudia? Na zikirudi, zitarudi lini?

Swali hili si la matajiri. Tajiri akikosea kununua gari, hununua jingine. Swali ni la yule ambaye gari lake la kwanza limemla akiba ya miaka kumi, na ambaye akikosea hesabu, karo ya watoto ndiyo itakayotetereka.

GARI CHOTARA

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Gari la haibridi ni gari chotara. Lina injini ya petroli kama gari lolote lile, na pia lina mota ya umeme pamoja na betri kubwa, mbali na ile betri ndogo tuliyoizoea. Kompyuta ya gari ndiyo huamua wakati gani injini ifanye kazi, wakati gani mota ifanye kazi, na wakati gani zisaidiane.

Toyota walianza kuuza gari lao la Prius huko Japani mwezi wa Desemba 1997. Prius ni neno la Kilatini lenye maana ya "kabla" au "kwanza", nalo ndilo gari la haibridi lililotangulia kuundwa kwa wingi. Mwezi wa Desemba 2011 likafuata gari dogo zaidi, Aqua, ambalo ndilo Wakenya wengi wamelijua kuliko Prius. Baadaye yakaja Axio na Fielder za haibridi. Honda nao wana Fit na Vezel.

Watu wengi hudhani kwamba gari hili huchomekwa kwenye stima usiku kama simu. Sivyo. Haya magari ya kawaida ya haibridi hayachomekwi popote. Umeme wote uliomo hutokana na petroli ile ile uliyotia kwenye tangi, pamoja na nguvu ambayo gari la kawaida huipoteza. Dereva anapokanyaga breki katika gari la kawaida, nguvu zote za mwendo hugeuka kuwa joto kwenye breki na kupotea hewani. Katika haibridi, mota hugeuka kuwa jenereta, ikalipunguza gari mwendo, na nguvu zile zikarudishwa kwenye betri. Gari likisimama katika msongamano, injini huzimika kabisa. Likiondoka polepole, mota ya umeme ndiyo hulisukuma.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya akiba. Haibridi huokoa petroli pale ambapo gari la kawaida huimwaga bure: katika kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Barabara ya Jogoo saa moja asubuhi, au Barabara ya Mombasa saa kumi na mbili jioni, ni shamba lake la mavuno. Lakini lipeleke gari hilo hilo kwenye barabara kuu, likienda kilomita 90 kwa saa bila kusimama, nawe utakuta injini ya petroli ndiyo inayofanya karibu kazi yote. Akiba ipo bado, kwa kuwa injini yenyewe imeundwa kwa ubanifu, lakini si kubwa kama ile ya mjini.

Na mteremko je? Betri ya Aqua za kwanza ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ikijaa kabisa, haifiki hata yuniti moja ya stima, zile yuniti tunazonunua kwa tokeni. Ukiteremka kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, betri hujaa kabla hujafika chini, na nguvu zinazobaki hupotea kama kawaida.

BABA ZETU NA MAGARI YAO

Wakenya hawakuanza jana kuchagua magari kwa woga wa petroli. Mwishoni mwa mwaka wa 1973, baada ya vita vya Mashariki ya Kati, nchi zinazotoa mafuta zilipandisha bei, na katika muda wa miezi michache pipa la mafuta likapanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12. Mwaka wa 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, bei ikapanda tena. Mshtuko huo ulibadilisha magari ya dunia nzima. Magari madogo ya Kijapani, ambayo watu wengi waliyadharau, yakaanza kutafutwa.

Hapa kwetu kulikuwa na hakimu mmoja ambaye uamuzi wake haukukatiwa rufaa, naye ni Safari Rally. Gari lililoshinda mbio hizo katika matope na vumbi lilipata jina ambalo tangazo lolote lisingeweza kulinunua. Peugeot 404 ilishinda mara nne katika miaka ya 1960, na 504 ikashinda mwaka wa 1975 na 1978. Hakuna mtu wa makamo aliyesahau Peugeot zilizobeba abiria kutoka Nairobi hadi mashambani. Kisha Datsun ikashinda mwaka wa 1970, ikarudia mwaka wa 1971 na 1973, na Shekhar Mehta akaiongoza kushinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Dharau juu ya magari ya Kijapani ikaishia hapo.

Katika miaka hiyo gari lilipimwa kwa masikio. Fundi aliinua boneti, akasikiliza mlio, akasema injini hii ni nzima au ni gonjwa. Mwenye gari alijivunia mngurumo wake, na jirani walijua amefika nyumbani kabla hawajamwona. Leo anakuja mtu na gari lisilolia. Linaingia langoni kimya kama paka. Wazee hutikisa kichwa wakauliza kama kweli kitu kisicho na sauti kina nguvu. Tungewajibu kwa methali yao wenyewe: simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Na ajabu ni kwamba haibridi nayo imepita mbele ya hakimu yule yule. Mbio za dunia zilipokuja Naivasha mwaka wa 2022, magari ya daraja la juu yalikuwa na mitambo ya haibridi, na Toyota wakashika nafasi zote nne za kwanza. Mwaka wa 2023 wakafanya hivyo tena. Hata hivyo, msomaji asidanganyike. Mtambo wa mashindano ulichomekwa kwenye umeme na uliundwa kwa ajili ya kasi, si kwa ajili ya kubana petroli, na kuanzia mwaka wa 2025 uliondolewa katika mbio hizo. Hakimu wa kweli wa haibridi si dereva wa mashindano. Ni dereva wa teksi, na ushahidi wake ni daftari.

HESABU YA WATU WANNE

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi na tufungue daftari. Tutachukua mifano ya watu wanne. Kila mmoja anachagua kati ya magari mawili yanayofanana kwa ukubwa na umri, moja la kawaida na jingine la haibridi. Tuseme haibridi imezidi kwa shilingi 200,000. Tuseme lita ya petroli ni shilingi 180. Na tuseme mjini gari la kawaida huenda kilomita 12 kwa lita, na haibridi kilomita 20. Tarakimu hizi ni za mfano. Msomaji aweke zake mahali pake, lakini njia ya kuhesabu ni ile ile.

Mtu wa kwanza ni mwalimu anayeishi Ongata Rongai na kufundisha mjini. Huenda na kurudi kilomita 40 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 10,000. Gari la kawaida litatumia lita 833, haibridi lita 500. Ameokoa lita 333, ambazo ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Zile 200,000 zitamrudia baada ya miaka mitatu na miezi minne.

Mtu wa pili ni dereva wa teksi jijini. Huendesha kilomita 130 hivi kwa siku, siku sita kwa wiki, karibu kilomita 40,000 kwa mwaka. Gari la kawaida litamla lita 3,333, na haibridi lita 2,000. Ameokoa shilingi 240,000 kwa mwaka mmoja. Pesa zake zimerudi katika miezi kumi tu, na kuanzia hapo ni faida. Si ajabu basi kwamba ukiita teksi kwa simu jijini, mara nyingi litakalokuja ni gari lisilo na mlio.

Mtu wa tatu ni mfanyabiashara wa Nakuru anayekuja Nairobi kila wiki kuchukua bidhaa. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 320, na kwa wiki 50 ni kilomita 16,000, nyingi kuliko za mwalimu. Je, si ataokoa zaidi? La. Yeye huendesha barabara kuu, ambako gari la kawaida huenda kilomita 16 kwa lita, na haibridi tuseme 21. Tofauti ni lita 238, yaani shilingi 43,000 hivi kwa mwaka. Ataambulia pesa zake baada ya miaka minne na miezi minane. Ameendesha zaidi ya mwalimu, lakini ameokoa kidogo.

Mtu wa nne ni mstaafu anayetumia gari kwenda kanisani, sokoni na hospitali. Hazidishi kilomita 4,000 kwa mwaka. Akiba yake ni shilingi 24,000, na itamchukua zaidi ya miaka minane kurudisha alichoongeza. Kwa huyu, haibridi ni starehe. Kama anaipenda, na aifurahie, lakini asiiite akiba.

Tazama basi jinsi jibu lilivyogawanyika. Gari ni lile lile, bei ni ile ile, na petroli ni ile ile, ila mmoja amefaidika katika mwaka wa kwanza na mwingine huenda asifaidike kabisa. Anayeuliza kama haibridi huokoa pesa, kwanza aulizwe: unaendesha kilomita ngapi, na wapi?

MTEGO WA KULINGANISHA

Kuna kosa moja linalowapata watu wengi, hata wasomi. Mtu alikuwa na gari kubwa la injini ya 2000 lililokuwa likinywa petroli kama ng'ombe aliyerudi malishoni. Analiuza, ananunua haibridi ndogo, kisha anatembea mtaani akisema, "Zamani nilitumia shilingi 225,000 kwa mwaka, sasa natumia 90,000. Haibridi ni mwokozi!"

Hesabu yake si ya uongo. Gari la kilomita 8 kwa lita likienda kilomita 10,000 litakula lita 1,250, na hizo kweli ni shilingi 225,000. Lakini lau angenunua gari dogo la kawaida, la injini ya 1000, linalokwenda kilomita 15 kwa lita, angetumia shilingi 120,000. Yaani katika ile akiba ya shilingi 135,000 anayoisifia, shilingi 105,000 zimetokana na kuacha gari kubwa na kuchukua dogo. Umeme umemwokolea shilingi 30,000 tu zilizobaki. Na gari lile dogo la kawaida pengine lingemgharimu bei nafuu zaidi tangu mwanzo.

Kwa hiyo anayetafuta akiba asilinganishe haibridi na gari lake la zamani. Alinganishe na gari jingine ambalo angeweza kulinunua kwa kazi ile ile. Na aliye na gari zima linalokwenda vizuri afikiri mara mbili kabla ya kuliuza. Mtu akiongeza shilingi 600,000 juu ya bei ya gari lake la zamani ili aokoe 60,000 kwa mwaka, amejifunga miaka kumi. Mara nyingi gari la bei nafuu kuliko yote ni lile ambalo tayari umelilipia.

Muuzaji naye ana mtego wake. Aqua ilipotoka kiwandani ilitangazwa Japani kwamba yaweza kwenda kilomita 35.4 kwa lita. Kipimo hicho kilifanywa maabarani, gari likizunguka juu ya magurudumu ya chuma, pasipo mlima, pasipo mashimo, pasipo matuta ya barabarani, wala abiria watano na magunia mawili ya viazi. Barabarani kwetu tarakimu hiyo usiitarajie.

HOFU YA BETRI

Sasa tufike kwenye jambo linalowanyima watu usingizi. Katika kila gereji utakuta mtu wa kukuambia, "Betri ikifa, gari limekufa." Maneno haya yana kweli ndani yake, na yana chuku pia.

Betri ya Aqua za kwanza ni ya nikeli, nayo si kitu kimoja bali ni vipande 20 vilivyounganishwa. Betri hizi zimeonyesha uvumilivu mkubwa, na nyingi zimepita miaka kumi. Lakini hazina uhai wa milele. Na hapa hali yetu ni tofauti na ya Mjapani. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, haliruhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane liingie nchini. Wakenya wengi hununua lile lililokaribia mpaka huo, kwa kuwa ndilo la bei nafuu. Maana yake ni kwamba Mjapani amekula miaka saba ya kwanza ya betri, pamoja na dhamana ya kiwanda, na wewe unaanza pale alipoachia.

Basi turudi kwenye daftari letu, na safari hii tuongeze betri moja ya kubadilisha. Tukadirie shilingi 150,000 pamoja na ufundi. Sasa mwalimu wa Rongai ana shilingi 350,000 za kurudisha badala ya 200,000. Atahitaji miaka mitano na miezi kumi. Mfanyabiashara wa Nakuru atahitaji zaidi ya miaka minane. Dereva wa teksi? Mwaka mmoja na nusu hivi. Hata betri ikimfia, bado yuko mbele.

Na mwenye gari la kawaida naye asijione ameokoka. Mtambo wa haibridi wa Toyota hauna alteneta ya kawaida wala stata ya kawaida, na hauna klachi ya kuchakaa. Kwa kuwa mota ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, breki nazo hukaa muda mrefu. Hizo ni pesa ambazo fundi hatakudai. Lakini si haibridi zote zilizoundwa kwa njia moja. Fit ya mwaka wa 2013 ilikuwa na gia za klachi mbili, na Honda walilazimika kuyaita magari hayo kiwandani mara kadhaa huko Japani mwaka wa 2013 na 2014 ili kurekebisha kasoro. Neno haibridi ubavuni mwa gari halitoshi. Uliza ni haibridi ya nani na ya mwaka gani.

Mengi yanayoua betri mapema ni ya kuzuilika. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Mama akiweka mfuko wa nguo juu ya tundu lile, au vumbi la barabara ya murramu likaziba kichujio chake, betri hupata joto, na joto ndilo adui yake mkubwa. Kusafisha kichujio ni kazi ndogo, ilhali betri mpya ni kazi ya mshahara wa miezi. Aidha, gari lisiachwe limesimama miezi mingi bila kuwashwa. Na kwa wale wanaoishi mahali penye mafuriko, kama yale yaliyoikumba Nairobi mwaka wa 2024, ikumbukwe kwamba maji yakiingia ndani ya gari hili hayaharibu viti peke yake.

Pia kuna ujanja wa kuangaliwa. Betri ikianza kuchoka, taa ya onyo huwaka. Mwuzaji asiye mwaminifu huizima taa hiyo kwa mashine dakika chache kabla mnunuzi hajafika. Mwingine hubadilisha kipande kimoja kibovu akaacha 19 vya umri ule ule, na baada ya miezi michache kingine kinafuata. Betri ya viraka ni kama shati la viraka: ukishona bega, kiwiko kinachanika. Wengine hurudisha nyuma hesabu ya kilomita. Kabla ya kutoa pesa, mlete fundi wako mwenyewe, aliyesomea magari haya na mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Malipo yake ni kidogo sana yakilinganishwa na majuto. Na fundi asiyejua waya za rangi ya chungwa ni za nini asiruhusiwe kuligusa gari hilo, kwa maana waya hizo hubeba umeme wa kuua mtu.

RIBA NAYO HULA

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba wengi wetu hatununui gari kwa pesa taslimu. Tunakopa. Turudi kwa mwalimu wetu. Tuseme zile shilingi 200,000 za ziada amezikopa katika chama chake cha ushirika kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya deni linalobaki, alipe kwa miaka minne. Atakatwa karibu shilingi 5,270 kila mwezi, na mwishowe atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 52,000 za riba.

Petroli anayookoa ni ya shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani shilingi 5,000 kwa mwezi. Tazama vizuri. Anaokoa 5,000 na kukatwa 5,270. Kwa miaka minne mizima haibridi yake haimwongezei hata senti moja mfukoni. Faida yake itaanza mwaka wa tano, ikiwa betri itakuwa bado nzima. Akiba ipo, lakini katika miaka hiyo minne anayeila ni mkopo.

Dereva wa teksi naye akikopa kwa masharti hayo hayo, huokoa shilingi 20,000 kwa mwezi na kukatwa 5,270. Huyo anaweza kulala usingizi.

Petroli ikipanda, mizani huelemea upande wa haibridi. Kwa bei ya Oktoba 2023, mwalimu angeokoa zaidi ya shilingi 72,000 kwa mwaka. Ikishuka, faida nayo hushuka. Anayenunua haibridi, kwa hakika, ananunua bima dhidi ya tarehe 14. Na bima, kama tujuavyo, ina thamani hata mwaka ambao hukuumia, mradi usilipe zaidi ya inavyostahili.

SERIKALI NA MFUKO WA TAIFA

Petroli yote tunayotumia hutoka ng'ambo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Mombasa kiliacha kusafisha mwaka wa 2013, na tangu hapo tumenunua mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kila lita isiyochomwa katika msongamano wa Nairobi ni dola ambazo hazikutoka nchini. Kwa taifa basi, gari linalobana petroli ni jambo la heri.

Lakini serikali nayo hula katika lita hiyo hiyo. Mwaka wa 2023 kodi ya VAT juu ya petroli iliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwaka wa 2024 ada ya kutengeneza barabara ikapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Haibridi inayotumia lita chache hulipa ada kidogo, ingawa hukanyaga barabara ile ile. Siku magari haya yatakapokuwa mengi, pamoja na yale ya umeme mtupu, serikali italazimika kutafuta pesa hizo mahali pengine. Mwananchi anayepanga hesabu ya miaka kumi asidhani kwamba kanuni za leo zitabaki vivi hivi.

TUSEMEJE BASI?

Jibu ni kwamba haibridi huokoa pesa kwa mtu anayeendesha sana, anayeendesha mjini, aliyenunua gari zima, na anayelitunza. Kwa dereva wa teksi ni chombo cha kazi kama jembe kwa mkulima. Kwa mwalimu wa Rongai ni jambo la kupimwa kwa uangalifu. Ana faida ndogo inayokuja polepole, na betri moja mbovu yaweza kuifuta. Kwa mfanyabiashara wa barabara kuu faida ni nyembamba. Kwa mstaafu ni fahari.

Na fahari si dhambi. Kuna raha ya kukaa katika msongamano injini ikiwa kimya, bila moshi, ukisikia hata mazungumzo ya gari la jirani. Mtu akiinunua raha hiyo akijua kwamba ni raha, hana wa kumlaumu. Ubaya ni kuinunua kwa jina la akiba, kisha muhula wa shule ukafunguliwa na karo haipo. Wahenga walituonya kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda.

Yeyote anayefikiria kununua na afanye hivi. Kwa miezi mitatu, aandike kilomita alizokwenda na pesa za petroli alizotumia. Ajue ni ngapi za mjini na ngapi za barabara kuu. Aulize bei ya haibridi na bei ya ndugu yake wa kawaida wa umri ule ule, atoe moja kwa nyingine. Ajumlishe betri moja. Ajumlishe riba. Kisha agawanye kwa akiba ya mwaka mmoja. Akipata miaka mitatu au chini, na anunue kwa moyo mweupe. Akipata sita au zaidi, na arudi nyumbani alioshe gari lake la zamani, alibadilishe plagi na oili, atie magurudumu upepo wa kutosha, na aache kukanyaga mafuta kwa pupa. Hiyo nayo ni akiba, na haihitaji mdhamini wala kukatwa mshahara.